Mashine ya Kumbakiza Ondina Nyumbani

Jumatatu, 4 Novemba

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Ondina ameshatoka. Amejipaka rangi ya mdomo (saa moja asubuhi!), ameshuka ngazi, amevuka barabara na kuingia kwa Egidio kunywa kahawa. Atarudi saa mbili kasorobo, uso umechangamka.

Miaka thelathini na minne ya ndoa, na jambo hili nimeligundua mwaka huu. Kabla sijastaafu nilikuwa nawahi ofisi ya hati za ardhi, sikujua nini kinatendeka nyuma yangu. Sasa nashinda nyumbani. Nasimama dirishani. Naona.

Egidio ni mjane. Ana mkahawa. Ana nywele zake zote. Sisemi zaidi.

Nimemuuliza Ondina, kwa upole kabisa, kama hapa nyumbani hakuna kahawa. Akasema ipo, lakini ile ya kibirika changu cha jikoni ni kahawa ya kupelekewa wagonjwa.

Basi, nimeelewa. Tatizo ni kahawa. Kesho nanunua mashine.

Jumanne, 5 Novemba

Nimechoka. Kununua mashine ya espreso ni kazi kuliko kununua nyumba. Nimesajili nyumba elfu kadhaa maishani mwangu, najua ninachosema.

Binti wa dukani aliuliza tuko wangapi nyumbani na tunapenda kahawa ya namna gani. Nikamjibu nimezaliwa hapa Trieste, mji wa kahawa, kwa hiyo maswali ya kitoto aniondolee. Akanionyesha ya vidonge: unatia kidonge, unabonyeza, kahawa inatoka. Nikamwambia mimi si mtu wa kubonyeza. Akanionyesha ya pampu, yenye kipimo cha presha, na akasema kwa anayeanza hii ndiyo inayofaa. Kwa anayeanza!

Ndipo nikaiona pembeni. Ya mkono. Shaba tupu, inang'aa, ina mpini mrefu wa kuvuta, kama ile ya Egidio, ila ndogo. Binti akasema hiyo inataka mazoea na mkono mzuri. Nikamwambia mikono ninayo miwili. Akasema pia nichukue kinu cha kusagia, maana kinu kizuri kina faida kuliko hata mashine. Hapo nikamshtukia, alikuwa anatafuta kuuza. Kinu tunacho, kile cha Ondina cha kusagia pilipili manga.

Njiani upepo ulikuwa mkali. Huu upepo wetu tunauita bora, sijui nani aliuona ubora wake. Ulinisukuma na boksi langu mpaka kwenye kituo cha basi nisichokihitaji. Kisha ghorofa nne bila lifti. Kiuno kimekwisha.

Jumatano, 6 Novemba

Kitabu cha maelekezo kina kurasa arobaini. Nimeanzia ya kumi na mbili, penye picha.

Ondina alipotoka tu nikatia maji, nikawasha, nikasaga, nikajaza. Nikavuta mpini chini hadi mwisho. Nikauachia ili nishike kikombe.

Ndani ya mashine hii kuna springi. Inaelezwa ukurasa wa tatu.

Ondina aliporudi alinikuta nimelala sakafuni, mfuko wa njegere za barafu kidevuni. Akauliza hiki ni nini. Nikasema ni zawadi yake. Akaitazama mashine muda mrefu, akanitazama mimi muda mfupi zaidi, akasema, “Nereo, mimi nilitaka tubadilishe mapazia tu.”

Alhamisi, 7 Novemba

Kahawa ya jana ilikuwa imesagwa chenga, ndiyo maana mpini ulirudi kwa hasira. Leo nimesaga laini kama poda ya mtoto. Nikashindilia kwa nguvu zangu zote. Nikavuta. Nikauachia taratibu, kichwa nimekiweka mbali. Haukurudi. Hakikutoka kitu. Hata tone!

Nikangoja dakika moja, nikafungua kichujio nione kuna nini.

Kulikuwa na presha.

Dari ni kahawia. Ukuta ni kahawia. Mapazia pia, kwa hiyo Ondina atapata mapya, mtu asiseme simsikilizi. Bibi Norma wa ghorofa ya tatu alipanda na fimbo yake kuuliza kama gesi imelipuka. Nikamwambia natengeneza kahawa. Akasema ameishi jengo hili miaka sitini na ameshawazika wanaume saba, lakini hakuna aliyefia kahawa, basi nisimharibie hesabu.

Chakula cha jioni, jota. Maharage na kabichi chachu. Juu yake chembechembe za kahawa zilizokuwa zikidondoka kutoka darini. Tumekula hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Upelelezi. Nimekwenda kwa Egidio saa nne, Ondina akiwa sokoni. Nikakaa kona na gazeti, nimtazame anavyofanya. Anavuta mpini, anautuliza chini huku akiongea na watu, kisha anausindikiza ukipanda, hauachii hata mara moja, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Hatazami hata! Anauliza watu habari za magoti yao, za paka wao. Kupoteza muda namna hiyo, sijui anamalizaje kazi.

Nilikuwa nimeanza kuandika pembeni mwa gazeti aliposema bila kugeuka, “Kaka Nereo, hicho kidevu si kazi ya mpini wa mashine hiyo?”

Nikajibu nilianguka ngazini.

“Aa, ngazi hizo nazijua,” akasema. “Mimi ziling'oa jino langu mwaka wa kwanza.” Akafunua mdomo, akanionyesha pengo. Mkahawa mzima ukacheka. Muuza samaki alicheka mpaka akashika meza.

Akasema Jumapili anafunga, anaweza kupita nyumbani anielekeze, jambo la dakika kumi tu. Nikamshukuru kwa heshima kubwa na kukataa. Amchukue mke wangu asubuhi, halafu Jumapili aje kunichukulia na jiko?

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefanya kumi na mbili. Vikombe kumi na viwili, na kila kimoja nimekionja, maana bila kuonja utajuaje. Cha kwanza maji ya vyombo. Cha nne lami. Cha tisa kilianza kufanana na kahawa, nikafurahi, cha kumi nikakiharibu kwa furaha.

Saa tano nikawa nimesafisha madirisha yote. Saa sita nikapanga makopo ya kabati kwa alfabeti. Saa saba nikahesabu vijiko vyote. Nikamwita Ondina aonje cha kumi na mbili. Akanywa funda moja, akalimeza kama anavyomeza dawa ya presha, akasema, “Imejitahidi.”

Kisha akashika simu, akampigia Egidio.

Sikuwa na nguvu za kupinga. Na ulimi ulikuwa unacheza.

Jumapili, 10 Novemba

Alikuja na kinu chake kwapani. Akafungua kopo langu, akanusa, akauliza kwa upole nani ametia pilipili. Nikasema ni mtindo mpya.

Akasaga yake. Akanifundisha: kahawa iwe kama mchanga laini, si poda, shindilia kwa uzito wa mkono, si kwa uchungu wa moyo, vuta, subiri, sindikiza. Ikatoka polepole, rangi ya asali nzito, povu juu. Akampa Ondina. Ondina akanywa, akafumba macho.

Kisha akasema zamu yangu. Cha kwanza kibaya. Cha pili afadhali. Cha tatu... cha tatu kilikuwa kizuri. Mimi, Nereo Visintin! Ondina alikimaliza chote, akafuta povu mdomoni kwa kidole, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani. Nilihisi kitu kifuani. Ama ni furaha, ama ni vile kumi na viwili vya jana.

Egidio aliniachia kinu kwa mkopo. Mjinga. Amenipa silaha mwenyewe. Mteja wake amekwisha!

Jumatatu, 11 Novemba

Saa moja kamili nimempelekea Ondina kikombe mezani. Safi. Povu kama hariri. Akanywa, akasema, “Nzuri sana, Nereo. Kweli nzuri.” Akaosha kikombe. Akajipaka rangi ya mdomo. Akavaa koti.

Akaenda kwa Egidio!

Nikamfuata mpaka chini. Nikamkamata ukingoni mwa barabara, upepo ukitupiga, kofia yangu imeruka sijui wapi. Nikamuuliza kwa sauti, mbele ya watu, yule ana nini nisichokuwa nacho mimi, mbona sasa kahawa ni ile ile!

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akanifunga kifungo cha koti, akasema, “Nereo, kule naulizwa nimelalaje. Nikijibu, nasikilizwa. Basi. Egidio, Norma, yule muuza samaki, nusu saa tu. Nyumbani wewe hujaniuliza hilo tangu Livia aolewe. Si kahawa, mzee wangu.”

Livia binti yetu ana miaka kumi na mmoja katika ndoa.

Nimekaa mchana kutwa nikifikiri. Nimechoka kabisa. Lakini ni rahisi. Kumbe kinachotakiwa ni kuuliza.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeuliza! Saa moja na dakika mbili, nikiwa mbele ya mashine: “Ondina, umelalaje?”

Alishtuka. Akakaa chini taratibu. Kisha akaanza. Aliongea, sijui, dakika kumi na tano. Hajaongea hivyo miaka. Bahati mbaya leo nilikuwa najaribu kuchemsha maziwa kwa mvuke, na mvuke una kelele kama treni, tena ukigeuza macho kidogo tu maziwa yanapanda. Lakini nilitikisa kichwa kukubali kila aliponyamaza, na mara mbili nilisema, “Aisee.” Alifuta machozi kidogo. Akaniuliza kama nimemsikia. Nikamjibu nimesikia kila neno.

Alinibusu utosini. Hakwenda kwa Egidio. HAKWENDA!

Yalikuwa maziwa mazuri sana.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeamka, Ondina hayupo. Koti halipo. Sanduku la safari halipo!

Nikashuka ghorofa nne na ndara, nikavuka barabara bila kutazama, nikaingia kwa Egidio nikitweta. Alikuwa peke yake, anafuta vikombe. Nikamuuliza mke wangu yuko wapi.

Akanitazama kwa mshangao. “Si amekwenda Gorizia kwa dada yake? Dada amevunjika nyonga, wanampasua kesho. Wiki tatu hizo. Alipita hapa alfajiri, akasema amekueleza yote jana, ukamwelewa vizuri mpaka akalia.”

Nikasema bila shaka, najua, nilikuwa naangalia tu kama na yeye anajua.

Akavuta mpini, akanisogezea kikombe. “Na wewe, kaka Nereo, umelalaje?”

Nikafungua mdomo. Nilisimama pale na ndara zangu, na ningeweza hata kusema jambo.

Lakini hapo hapo nikaona. Nyuma yake. Mashine yake ina mipini miwili! Miwili! Ndiyo siri yake. Mwenye mipini miwili anamaliza kazi nusu ya muda, anabaki na nafasi ya kusikiliza watu. Mimi na mmoja ningesikiaje?

Saa tatu nilikuwa dukani. Binti akaniuliza kama nina hakika. Ipo, ya mkahawa hasa, shaba, mipini miwili. Wataileta Jumatatu, itakuwa tayari Ondina akirudi. Atafurahi sana.

Nimepima jiko mara tatu. Inaingia pale mezani, vizuri kabisa, mradi kiti cha Ondina kitoke.

Nimekitoa.