Uvumi Wenye Sukari na Chumvi

Tunawatangazia wakaaji wote wa Kasongo na Kabambare kwamba kolera imeshindwa. Imeshindwa kwenye Facebook, maana huko ndiko ofisi yangu ilipewa kupigana.

Mimi ni Chef Marcellin, Msimamizi Mkuu wa Mawasiliano ya Magonjwa. Ukurasa wetu uko na wafuasi elfu nne. Kule Kabambare rezo ya simu inakamata juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya soko. Siku nilipotuma komunike "Epukeni mikusanyiko", watu mia mbili walikipanda kichuguu wakisukumana, simu juu. Kwenye ripoti nikaandika: mwitikio mkubwa.

Usumbufu ulikuwa wa mutu mumoja, Mama Régina, muuguzi wa kituo cha afya cha huko. Chini ya kila picha yangu alikuwa anaandika: "Serumu ya kutundika mushipani imeisha. Chemsheni maji, lita moja. Sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Mugonjwa anywe, anywe tena." Hakuna muhuri, hakuna namba. Kwa sheria yetu, habari isiyopita mezani kwangu ni uvumi. Nikafuta. Akaandika tena. Nilifuta mara kumi na moja, mpaka akapiga simu.

"Chef, unafuta nini? Watu wanakauka huku."

"Mama, leta dosie, karatasi zote na muhuri. Kamati inakaa Alhamisi."

"Na kolera, yenyewe inakaa siku gani?"

Swali hilo nililiandika: nje ya ajenda. Nilipanda moto, pikipiki ya ofisi, mpaka Kabambare kutuliza umma. Mpiga picha wetu, Dady, akasema picha za kunawa mikono watu wamezichoka. Basi nikachota glasi kwenye ndoo ya jirani mumoja wa soko, maji ya mutoni, nikakunywa yote mbele ya simu yake. Tukaandika: "Chef amekunywa. Tulieni."

Kesho yake, pale pale Kabambare, mimi na choo tukawa ofisi moja. Jumatatu asubuhi Dady akanibeba mugongoni mpaka kwa Mama Régina.

"Serumu," nikasema.

"Iliisha, papa. Niliandika. Haukuona?"

"Niliona."

Kwenye mukeka wa pembeni, Mama Sifa, muuza mihogo, alikuwa anamunywesha mume wake kikombe, pole pole. Nikamuuliza dawa hiyo aliipata wapi.

"Juu ya kichuguu, Chef. Tulikuwa tunapanda kusoma maneno ya Mama Régina. Ulikuwa unafuta mbio sana, ndiyo maana tulikuja wengi: huyu anashika kichwani habari ya maji, yule ya sukari, mwingine ya chumvi. Tukishuka tunaunganisha."

Mama Régina akajaza kikombe, akakishikilia mbali kidogo na mukono wangu.

"Lakini hii haina muhuri, papa. Tungojee Alhamisi?"

Nikakunywa uvumi vikombe vinane. Cha tisa nilikiomba kwa heshima zote, na jina lake kamili: maji ya kuchemsha lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo.