Makao Makuu ya Shuwa, Qantab

Jumatatu, 25 Mei
Nimekabidhiwa shuwa ya Idi, nyama ya kufukiwa shimoni! Mbuzi wawili, watu arubaini. Dada yangu Nasriya kasema nikiiharibu, kuanzia mwakani ni ya mumewe, Thabit, moja kwa moja. Thabit hana hata karatasi ya mpango. Mimi nna mfano: jeshi la mapinduzi la Marekani, karne ya kumi na nane. Mchana kutwa nimeota mahema, ukungu, farasi wakipumua polepole.

Jumanne, 26 Mei
Nimegawa vyeo. Mpwa wangu Malak ndiye msaidizi mkuu: amri zote hupitia kwake. Nduguye Wael, usafiri na kambi: yaani kuni. Thabit nimempa chakula, chini ya Malak. Kauliza tunapigana na nani, shemegi? Nikamweleza saa nzima. Kalala.

Jumatano, 27 Mei. Idi!
Shimo ni moja, la mtaa mzima. Kila nyumba hufunga nyama yake katika pakacha, hutia alama ya waya, kisha yote hufukiwa juu ya makaa siku mbili. Waya! Jeshi lile, kabla ya kupata sare, lilitambua vyeo kwa tepe: kijani kwa wasaidizi, samawati kwa amiri. Nikaung'oa waya wa pakacha letu, nikafunga utepe wa samawati, hariri tupu. Thabit akaja mbio, ana neno. Nikamwambia apitie kwa Malak. Malak alikuwa ndani, anakula halua. Shimo likafukiwa. Moshi mwembamba ukapanda mlimani. Nikauona moshi wa kambi, na mimi juu ya farasi mweupe, natazama mbali.

Ijumaa, 29 Mei
Utepe umeungua! Neno la Thabit lilikuwa hilo. Na hapa mtaani pakacha lisilo na alama ni sadaka, huenda kwa wafanyakazi wageni. Philip, Mkenya, mlinzi wa hoteli Bustan, akalipakia na wenzake. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili: Mzee, mmetubeba kweli! Watu arubaini wamekula mayai. Thabit alimenya tu, ananitazama.

Jumamosi, 30 Mei
Shuwa ni ya Thabit. Nasriya kanambia, Kaka, mwakani kaa mkekani kivulini, usiguse kitu. Nimelitafakari hadi alasiri, macho nusu wazi. Kosa nimeliona! Jeshi lile lilichelewa kupata mkaguzi mkuu. Na mkaguzi kazi yake ni nini? Hagusi kitu. Anatazama. Nimemwandikia Thabit barua nzuri, kurasa nne: cheo chake nakiidhinisha, atakuwa chini yangu.