Mlango Mmoja, Kaya Moja

Idara ya Ufanisi wa Nishati Majumbani ilitangaza, kwa furaha iliyosomwa kutoka kwenye karatasi, kwamba upotevu wa umeme majumbani ungekoma rasmi Jumatatu. Mkurugenzi alitoa tangazo hilo akiwa amevaa koti zito na skafu, kwa sababu viyoyozi vya ukumbi vilikuwa vimewekwa kwenye baridi ya mwisho ili wageni wasisinzie wakati wa mada ya kubana matumizi.

Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Kila kaya ingepimwa. Inayotumia umeme mwingi ingebandikwa kibandiko chekundu na kukatiwa waya, ili ipate nafasi ya kutafakari. Inayotumia kidogo ingepata kibandiko cha kijani na kushikwa mkono na Mkurugenzi. Lililosumbua lilikuwa moja tu: kaya ni nini? Kamati ilijifungia hotelini ufukweni mpaka jibu likapatikana. Kaya ni mlango. Penye mlango pana kaya, pasipo mlango hapana.

"Na watu walio nyuma ya mlango?" aliuliza mtu.

"Watu huhamahama," alijibu Mkurugenzi. "Mlango hautoki ulipo."

Nyuma ya ukumbi, Afisa Mkaguzi mmoja alisikia mwili ukimsisimka. Majirani walimwita Bwana Wati. Nyumbani kwake taa ya sebuleni iliwashwa mtu anapotafuta kiti, ikazimwa akishakaa. Kwa Wati, sentensi ile ya mlango ilikuwa tamu kuliko wimbo wowote aliowahi kuusikia, na aliirudia ngazi zote mpaka nyumbani.

Alianza ukaguzi katika jengo lile lile alilokuwa akiishi, asije akaonekana anapendelea. Chini kwa seremala, kijani. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, kijani. Kwake mwenyewe, kijani, na akajishika mkono. Alipofika ghorofa ya juu, kwa mshonaji mstaafu ambaye jengo zima lilimwita Shangazi, mita ilikuwa inakimbia kama inafukuzwa.

Katikati ya sebule lilisimama friji kubwa, la zamani, linalonguruma kama mtu anayeota. Jengo zima halikuwa na jingine. Wapangaji walikuwa wamekubaliana zamani kwamba friji moja lililojaa linatosha, kuliko kila mtu kuwa na lake la kugandishia maji.

"Shangazi," alisema Wati, "umetumia umeme wa jengo zima."

"Kwa sababu jengo zima limo humu." Shangazi akafungua friji. "Samaki wa seremala huyu hapa. Maziwa ya mtoto wa chini. Hii ni dawa ya sukari ya mama mkwe wako, ile ya sindano. Nikuonyeshe na tikiti lako?"

"Tikiti langu halihusiani na zoezi hili."

Akabandika chekundu, akakilainisha kwa kidole gumba kisiweke mikunjo. Siku iliyofuata makao makuu yakathibitisha kwamba Shangazi ndiye mharibifu namba moja wa umeme mjini, na kwamba Ijumaa Mkurugenzi mwenyewe atakuja kukata waya mbele ya waandishi wa habari.

Jioni hiyo mama mkwe alimsubiri mezani, mikono kifuani.

"Nasikia umembandika Shangazi."

"Ni utaratibu, Mama."

"Na dawa yangu ikae wapi kuanzia Ijumaa, mkwe wangu? Ikipata joto inaharibika, na ikiharibika mimi naondoka. Niiweke chini ya huo utaratibu?"

"Idara imeandaa kipeperushi kuhusu kivuli, Mama, namna ya kuhifadhi vitu bila friji." Akakisogeza mezani.

Mama mkwe alikitazama kipeperushi. Mkewe Wati aliinuka akaweka mto kwenye kochi, lile ambalo mara ya mwisho Wati alilalia mpaka shingo ikapinda.

"Mimi sina mamlaka, Mama," alisema. "Laiti ningekuwa nayo. Kaya ni mlango, na pale kwa Shangazi mlango ni mmoja."

"Hebu rudia."

"Sina mamlaka."

"Si hapo. Pale penye mlango."

"Kaya ni mlango. Penye mlango pana kaya."

"Imesemwa mahali popote kwamba mlango lazima uwe na ukuta?"

Wati alifumba macho akaupitia ufafanuzi mzima kichwani, neno kwa neno. Jasho likamtoka, kwa maana alikuwa mtu mwaminifu kwa kanuni. "Hapana, Mama."

Mama mkwe akakunja kipeperushi, akakitia kwenye mkoba, akashuka kwa seremala. Seremala alikuwa na milango mipya iliyojaa karakana, ya zahanati iliyokuwa imezinduliwa ila haikujengwa.

Ijumaa Mkurugenzi alipanda ngazi akihema, nyuma yake waandishi, na mikononi mwake koleo iliyofungwa utepe. Sebuleni kwa Shangazi alikuta milango imesimama kulizunguka friji, kila mmoja na fremu yake na miguu yake ya mbao, na nyuma ya kila mlango mpangaji ameketi kwenye kiti. Akataka kupita katikati ya milango miwili.

"Hodi kwanza, baba," ilisema sauti ya mama mkwe.

"Huu ni mchezo gani?"

Wati akajitokeza, kizibao chake cha manjano kimepigwa pasi. "Mheshimiwa, nimekagua upya. Hapa pana kaya kumi na tatu. Umeme wa friji ukigawanywa, kila kaya inatumia chini ya balbu moja. Zote kijani."

"Milango hii haina kuta."

"Ufafanuzi wako haukutaja kuta, Mheshimiwa. Ulitaja mlango."

"Na imetoka wapi?"

"Zahanati," alijibu seremala kutoka nyuma ya mlango wake. "Ile uliyokata utepe."

Kalamu za waandishi zikakimbia. Mkurugenzi akaona hakuna haja ya kuendelea na historia ya milango. Akakohoa, akatangaza kwamba hiki ndicho alichokikusudia tangu mwanzo. Akazunguka kuwashika wapangaji mikono, akipiga hodi kila mlango.

"Na nyumbani kwako, Mheshimiwa?" aliuliza mwandishi mmoja, binti mpole. "Mna milango mingapi?"

Mkurugenzi aliipenda sana nyumba yake. Akaeleza kwamba imechorwa na mtaalamu kutoka nje, ndani ni wazi kabisa, upepo wa viyoyozi unatembea kutoka jikoni mpaka kwenye bwawa bila kukutana na kizuizi. "Mlango ni mmoja tu," alisema kwa fahari. "Wa kioo. Unajifungua wenyewe kwa umeme."

Friji likanguruma. Wati, ambaye hakuna mtu aliyempenda Mkurugenzi kumzidi, akaingiza mkono mfukoni akatoa kibandiko chekundu. Kamera zikamgeukia Mkurugenzi, naye akatabasamu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Msafara mzima ukaelekea kwake. Wati alikata waya kwa koleo ile ile, kwa kuwa utepe ulikuwa bado mzuri na kuuharibu bure ungekuwa ubadhirifu.

Kabla jua halijazama, Mkurugenzi alisimama sebuleni kwa Shangazi, kwapani amebeba sanduku la nyama na aiskrimu iliyoanza kudondoka. Mama mkwe alikuwa amekuja kuchoma sindano yake. Alichukua chupa, akaigusa shavuni ikiwa baridi, akaridhika.

"Hodi," alisema Mkurugenzi.

"Hapo unapiga hodi hewani. Nenda mlangoni."

"Upi?"

"Wa kaya yako."

Mkurugenzi akaitazama milango, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulikuwa na mwenyewe.

"Pole, mwanangu," alisema mama mkwe. "Lakini huwezi kuja kwetu ukaondoka mikono mitupu." Akafungua mkoba, akamkabidhi kipeperushi kuhusu kivuli.