Goti la Mzee Kashaija

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekwisha! Madam Annastella ametupa kazi ya mapitio ya machapisho. Kila mtu atafute makala kumi za utafiti, azisome, azipime, aandike zinasemaje kuhusu mchezaji aliyeumia goti na namna ya kumrudisha uwanjani. Mimi nilidhani mwaka wa pili wa tiba ya viungo ni kukanda watu. Hakuna wa kukanda! Ni kusoma tu.

Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayepata chini ya hamsini haendi mafunzo ya hospitali Aprili, anasubiri mwaka mzima. Nami siwezi kusubiri. Mama mkwe, Ma Benadetha wa Ijumbi, amekubali kukaa na Mwesiga wangu Aprili na Mei tu. Juni anavuna kahawa, na ameshasema mtoto wa miezi kumi na moja habebeki pamoja na gunia.

Judica, ninayekaa naye dawati moja, ameshachapa makala sita. Ana kalamu za rangi nne. Nne! Ile ya njano ya kazi gani?

Mpango wangu: kusoma muhtasari tu. Kila makala ina muhtasari pale juu, mistari kumi. Makala kumi, mistari mia. Nitamaliza nikinyonyesha. Wengine wanapenda tu kuteseka.

Jumanne, 4 Machi

Mihtasari mitano. Nimeshtuka. Wa kwanza unasema mgonjwa aanze mazoezi mapema. Wa pili unasema asithubutu. Wa tatu unasema huenda yakasaidia, huenda yasisaidie, utafiti zaidi unahitajika. Watu wazima, wamesoma mpaka udaktari! Mume wangu Philbert akiniuliza chakula kiko wapi nikamjibu utafiti zaidi unahitajika, kutakalika humu ndani?

Mwesiga ametafuna ukurasa wa matokeo. Nimemtoa mdomoni jedwali moja, limelowa. Nimembusu, nikamkataza kwa sauti kubwa, nikambusu tena.

Mpango mpya: kura, kama mkutano wa kitongoji. Makala sita zikisema ndiyo na nne hapana, ndiyo imepita. Hizo nne siziandiki kabisa. Aliyeshindwa aandikwe wa nini? Philbert, anayefundisha shule ya msingi hapa Kahororo, amesema hiyo si sayansi. Nimemwambia akafue nepi. Amefua.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Sijui nianzie wapi.

Zilikuwa zimebaki makala tano. Nikaiuliza ile programu ya simu inayojibu kila kitu. Dakika moja tu ikanipa zote, na waandishi, na miaka, na kurasa. Nikaishukuru kama mtu. Nikaenda maktaba kifua mbele.

Mkutubi wetu, Bwana Alexander, amezitafuta nusu saa. Hakuna hata moja! Waandishi hawapo duniani. Jarida halijawahi kuwepo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama labda niliziota. Judica alikuwa meza ya pili. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa pole ndefu, ile pole ya kumwambia kila mtu.

Bwana Alexander akanionea huruma, akanitolea tano za kweli kabatini. Moja ni ya hukuhuku: magoti ya wachezaji wa mpira wa Kamachumu, mwandishi A. Kashaija, 2009. Kashaija ni jina la kiume. Nikamwona mzee wa koti, ana fimbo, amestaafu, yuko kwake anakunywa kahawa. Nikampenda bure.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba Ijumbi, jirani wa Ma Benadetha. Huwezi kukosa. Mke wa Philbert asipoonekana msibani atazungumzwa mpaka Krismasi.

Mpango: nimeiweka makala ya Kashaija ndani ya Biblia. Tumekaa mkekani na akina mama saa nne nzima, Mwesiga amelala mapajani, pa kwenda hakuna. Nimeisoma yote! Kuanzia jina hadi shukrani. Mara mbili! Haijawahi kunitokea.

Ma Benadetha akaguswa. Nikamsikia akimnong'oneza Ma Georgina, kiongozi wa akina mama, kwamba mkwe wake tangu afike hajalifunga Neno. Ma Georgina naye akainuka akasema basi mke wa Philbert atusomee, waitu jamani, hapohapo alipofika, wafiwa wapate faraja.

Hapohapo nilipofika! Ilikuwa jedwali la pili.

Nikasimama. Nikatafsiri kama inavyokuja: kwamba walikuwepo vijana kumi na wanne ambao hawakuweza kukimbia wala kupiga magoti, na baada ya wiki sita wakasimama, wakakimbia. Mkeka mzima ukaitikia amina! Mama mmoja akalia upya. Ma Georgina akanifuata baadaye akitaka kujua ni Injili ipi. Nimemwambia ni tafsiri mpya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea Madam rasimu. Ameisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Ishara mbaya.

Nilikuwa nimeandika kwamba watafiti wote wamefanya kazi nzuri na tunawashukuru. Akasema alinituma kupima, hakunituma kupongeza, na kama ni pongezi angealika kwaya. Nikamweleza. Kwetu ukipita kwenye kibanja cha mtu unasema kasinge, hongera kwa kazi. Husimami njiani kumhesabia migomba iliyoanguka. Sasa mimi, Jovita wa kidato cha nne, nimwambie profesa kwamba kakosea?

Akasema ndiyo. Hayo hayo. Niingie kibanjani nihesabu iliyoanguka. Wagonjwa walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, walipimwaje, nani alipotea njiani.

Nimetoka. Kumbe shule inalipiwa ada ili mtu afundishwe ukosefu wa adabu!

Jumatano, 12 Machi

Haya. Wametaka ukorofi.

Nimeanza na Kashaija kwa sababu ndiye pekee ninayejua kilichomo ndani yake. Samahani mzee wangu. Wachezaji kumi na wanne tu! Kikoba chetu kina watu zaidi. Maumivu aliyapima kwa kuwauliza wachezaji mbele ya kocha wao. Mchezaji gani wa Kamachumu atasema anaumwa mbele ya kocha, halafu Jumapili akae benchi? Na Novemba watano wametoweka kwenye jedwali. Kaandika kwamba hawakupatikana. Hawakupatikana! Mtu yeyote wa Kamachumu anajua Novemba vijana wako wapi. Wanakamata senene, panzi wetu wa kukaanga! Na anayekimbiza senene huku na huko goti lake limepona kuliko wote waliobaki. Kawatupa waliopona, mzee huyu. Nikaongeza kwamba apumzike sasa, alee wajukuu.

Zile tisa nyingine nimeandika sampuli ndogo. Zote. Moja ilikuwa na watu elfu mbili, lakini nimeliona hilo nimeshaandika, sifuti.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekabidhi. Judica kakabidhi kurasa thelathini na kava la plastiki. Ananiringia! Nimekwenda kununua ndizi. Mwesiga amesimama bila kushika kitu, sekunde tatu. Nimelia sokoni mbele ya watu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeitwa ofisini kwa Madam.

Kwenye meza, karatasi yangu. Ukutani, cheti chake cha chuo kikuu, sijawahi kukitazama. Kimeandikwa Annastella Kashaija.

Sisi tunamjua kama Madam Annastella Rutashobya! Rutashobya ni la mume. Kashaija ni baba yake. Mzee wa koti na fimbo ni yeye! Nimemwambia mwalimu wangu akalee wajukuu, na hana hata arobaini na tano!

Nilitafuta mlango kwa macho. Akaniambia kaa, mama Mwesiga. Akasema miaka kumi na sita imepita, makala hiyo imesomwa na wakubwa wa kila aina, hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu senene. Yeye mwenyewe hakufikiria, na kwao ni Kamachumu. Sehemu ile kanipa kumi na tisa kwa ishirini. Zile tisa nyingine, jumla ishirini na mbili kwa themanini. Arobaini na moja. Nimefeli!

Lakini kanipa hadi Jumatatu nirudie. Akasema ameona wazi kwamba ya kwake niliisoma, na zile nyingine sikuzisoma. Nikazisome hivyo hivyo, mpaka mwisho, na Aprili naenda hospitali. Alirudia mara mbili, taratibu, kama anavyoongea na wagonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi, nikimlisha Mwesiga uji. Nimeelewa somo. Ukimtukana mwalimu wako, unapata kumi na tisa. Ukimtukana mgeni, hupati kitu.

Nimeenda mbio maktaba. Nimemwomba Bwana Alexander anitolee chochote kilichowahi kuandikwa na walimu wa chuo hiki. Ameniangalia sana. Amepata moja, ya Mwalimu Datius, mkuu wetu wa chuo, kurasa arobaini, kuhusu uti wa mgongo. Goti halimo. Sijaifungua, na sina haja. Nimeshaandika sentensi ya kwanza: Mtafiti huyu amekosea sana.