Boza Linaloishia Njiani

Alhamisi, 3 Oktoba 1996. Newala.

Nimetoka zahanati natetemeka kwa hasira. Muuguzi Imakulata kaniambia wajawazito wanaokuja kujifungua sasa huagizwa waje na ndoo yao ya maji. Jana mtoto kazaliwa akafutwa kwa kitenge kikavu. Boza la maji la serikali lipo. Linateremka bondeni kila asubuhi, linapanda limejaa, likifika mjini halionekani tena. Nani anakunywa maji ya wazazi? Mimi ndiye mbunge wao. Niliomba kura kwa maneno mawili, uwazi na uwajibikaji. Sasa watayaona.

Nimeoga mara mbili kutuliza hasira. Kwangu maji hayapungui. Mke wangu Winfrida ni mwanamke hodari.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mwizi nimemjua. Ni Reginald, mnunuzi wa korosho aliyeletwa na biashara huria. Wanasema anautaka ubunge wangu. Kibarazani kwake kuna maua mabichi, kiangazi hiki. Nikamuuliza sokoni, mbele ya watu, maua yake yananyweshwa nini. Kajibu kwa upole kwamba ni ya plastiki, nikitaka nikayaguse. Watu wamecheka sana. Sikwenda.

Nimepita jioni, nikagusa. Plastiki. Mtu anayedanganya kwa maua hashindwi kuficha boza.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimelifuata boza kwa Landrova, nikijificha ndani ya vumbi lake. Mpango mzuri, ila vumbi lilinifichia hata barabara yenyewe. Nikazama mchangani hadi ekseli. Dereva wa boza, Optatus, karudi kunivuta kwa mnyororo. Kaniamkia vizuri. Nikamtaka aseme maji huyapeleka wapi. Kaniangalia kama anayemwangalia mtu mwenye homa.

“Mheshimiwa, si unajua?”

Nikamwambia atayasema kesho, uwanja wa soko, watu wakitoka kanisani. Kauliza kama nina hakika. Woga wa watumishi wetu unaudhi. Nimemwahidi hakuna atakayemgusa kwa kusema kweli.

Jumapili, 6 Oktoba

Uwanja ulijaa. Nilihutubia mpaka sauti ikakauka, kisha nikamkabidhi Optatus kipaza sauti.

“Namwaga kwa mheshimiwa,” kasema. “Kwanza jengo lake jipya, zege linataka kumwagiliwa. Halafu matangi ya mke wake. Yanayobaki nayapeleka zahanati. Hayabaki.”

Nikamuuliza kwa ukali nani kampa amri hiyo.

“Wewe, mheshimiwa. Mwezi wa nane. Ulisema nyumba ya mbunge ni nyumba ya wananchi.”

Kweli nilisema. Lakini nilisema faraghani.

Imakulata akasimama. Kama ni nyumba ya wananchi, kasema, basi wazazi wakajifungulie huko. Wanawake wakapiga vigelegele. Reginald hakucheka hata kidogo. Alinionea huruma, na hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilidhani Imakulata anatania. Asubuhi nimekuta barazani kwangu wajawazito na mikeka yao, yeye katikati kavaa aproni. Nikataka kuita polisi. Winfrida akanisogeza pembeni kama kiti, akawaingiza ndani. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike amezaliwa sebuleni, chini ya picha yangu ya kampeni. Ameogeshwa vizuri, kwa maji yangu. Kisha Winfrida akafungua geti, majirani wakaingia na ndoo. Matangi yote makavu. Nilipolalamika kaniambia boza likipita kwangu tena, yeye anarudi kwao Lulindi, na atawaeleza watu sababu.

Mke wangu mwenyewe. Hasira imenipandisha homa.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: uwanja. Uwazi ukifanyiwa nje huingia vumbi. Mkutano ujao wa uwazi utakuwa ndani, mlango umefungwa, na maswali nitayapitia kwanza mwenyewe. Optatus nimemwombea uhamisho. Hakuna aliyemgusa, atahamishwa tu.

Halafu nimekwenda kwa mhandisi wa maji, nikagonga meza yake. Nimemwambia sitavumilia tena. Kuanzia kesho boza liende zahanati, maji yote, bila kupungua tone. Lipitie kwangu tu kwanza, nihakikishe limejaa.