Ndege Iliyopiga Magoti

Jumatatu, 3 Juni
Ndege yangu imepiga magoti. Ndege niliyoiunda kwa mikono hii, ndani ya banda la gari! Mguu wa mbele umebonyea, rafadha, ile pangaboi ya puani, inakaribia kugusa sakafu. Mafuta ya shokapu ya mguu huo yamevuja, gesi nayo imekwenda zake. Raba ya ndani inayozuia mafuta imechoka, najua. Lakini kuibadilisha ni kufungua mguu mzima, na mkaguzi wa ndege anakuja Ijumaa kuamua kama itaruka. Nitajaza mafuta, nitajaza gesi, yaishe.

Mke wangu kasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Halafu, kwa upole ulionitia baridi, akasema ndege ikifeli Ijumaa itatoka nje, na gari lake litarudi bandani.

Jumanne, 4 Juni
Ili kujaza shokapu, pua lazima inyanyuke. Ili pua inyanyuke, mkia lazima ukandamizwe. Nani mzito kuliko shemeji? Mdogo wake mke wangu, fundi wa friji, mtu wa kukosoa kila kazi na kuonja kila sufuria. Amekubali kuning'inia kwenye kamba ya mkia kwa sharti moja: siku ya kwanza ya kuruka, kiti cha pembeni ni chake. Nikaahidi. (Thubutu.)

Kazi ilikwenda vizuri mpaka dada yake alipoita kwamba chakula tayari. Shemeji akaachia kamba bila hata kuaga. Pua ikashuka pu! Mafuta yote usoni kwangu. Nilipoingia ndani alikuwa kwenye sahani ya pili, akaniambia nanuka gereji.

Alhamisi, 6 Juni
Leo mkiani nimeweka mifuko ya mchanga. Mchanga hausikii njaa. Mafuta yameingia, gesi nimeijaza kutoka kwenye mtungi. Kipimo kilisema inatosha. Nikaongeza ya akiba, maana raba inavuja. Sasa pua iko juu kama ya mwenye nyumba mpya. Shemeji alichungulia akasema nimezidisha. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi kafika, shati jeupe pe. Akataka ndege itoke juani. Nikakunja mabawa, tukasukuma. Pua ikapita kwa maringo. Kisha ngo! Paa la ndege limegonga boriti ya mlango. Tukarudi nyuma, tukasukuma taratibu. Ngo, taratibu.

Mke wangu, ameketi nje ndani ya gari lake, injini inanguruma, akauliza kwa nini nisipunguze gesi. Nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nikafungua vali yote kwa mkupuo. Gesi ikatoka na mafuta, mafuta yakachagua shati. Ndege ikapiga magoti, ikapita mlangoni bila shida.

Mkaguzi alifuta miwani kwa muda mrefu, akauliza raba ilibadilishwa lini. Nikasema tulikuwa tunaelekea huko. Akasema tukishafika nimwite. Hata getini hajafika, gari la mke wangu lilikuwa limeshaingia bandani. Imeniuma, sitaficha.

Jumamosi, 8 Juni
Ndege iko uani chini ya turubai, imeinama kama inayotafuta sarafu. Shemeji anashauri nianze na raba. Raba! Nimetafakari kwa utulivu, na kosa liko wazi kwa mwenye macho: mlango ni mfupi.

Jumatatu mke wangu anakwenda na gari lake kumsalimia mama yake. Shemeji analeta nyundo. Nimemwahidi kiti kile kile. Eti usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujenga baadaye. Kwanza tunaubomoa.