Bei ya Pointi Zisizofungwa

Jumatatu, 8 Septemba

Nina akili ya watu watatu, na wawili kati yao ni mawakili. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa kushindwa. Walimu walikuwa wameniishia. Sasa nafuta vumbi vinyago dukani kwa Bi Swafia, Ndia Kuu, lakini hiyo ni kazi ya mikono. Kichwa kiko huru. Kuanzia leo kichwa hiki ni wakala wa wachezaji.

Mchezaji ninaye mmoja. Binamu yangu Kenga, gadi wa mpira wa kikapu. Kufunga hajui. Akirusha, hata mwewe hupisha. Lakini kukaba! Kenga akikushika, mpira utausikia kwa watu. Anakuandama kama mdai mahari.

Timu moja ya ghala huko Mbaraki, anayoichezea kwa majaribio, inamtaka. Kocha Joab amempa mkataba wa msimu: elfu kumi na tano kwa mwezi, pamoja na kazi ya kuhesabu magunia mle ghalani. Kenga nusura atie sahihi pale pale. Maana sasa hivi anapakia mizigo juu ya mabasi ya bara, Mwembe Tayari, jua lote lake, na mgongo umeanza kulalamika.

Nikamnyang'anya kalamu. Nikamwuliza Ronald analipwa ngapi. Ronald ndiye mfungaji wao, yule mwenye nywele za kuchongwa. Elfu thelathini! Nikamwambia Kenga asiguse karatasi mpaka nikaonane na Joab mimi mwenyewe. Akasema, lakini kaka, majina ya wachezaji yanafungwa Jumapili. Nikamjibu Jumapili ni mbali. Mtu wa akili yangu humaliza Jumatano.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwomba Bi Swafia somo la bei. Akasema, mwanangu, bei ni kama ngoma, haichezwi na mmoja. Muuzaji hutaja, mnunuzi hucheka, muuzaji hushika kichwa kama aliyefiwa, kisha mtu huondoka. Aondokaye polepole huitwa. Hapo ndipo biashara huanza. Nimeyashika yote.

Alasiri, Mbaraki. Joab ni mtu wa bara, alikuwa karani wa reli, ana kalamu mbili mfukoni na hacheki. Nikamwekea hoja. Mechi iliyopita nyota wa wapinzani, ambaye kila siku hufunga ishirini, mbele ya Kenga alipata nne. Kumi na sita zimekufa. Ronald hufunga kumi na tano. Kwa hivyo Kenga amemzidi Ronald kwa moja, na alipwe elfu thelathini na moja.

Joab akanitazama kama risiti ya mtu mwingine. Akauliza, je, kama yule nyota alikuwa na homa siku ile? Na wale wenzake Kenga wanne uwanjani, walikuwa wakipunga upepo? Halafu akanimaliza. Kwa kuwa Kenga hafungi, wapinzani humwacha peke yake kama mgeni asiyealikwa, na aliyetakiwa kumkaba huenda kusaidia kumkaba Ronald. Kwa hivyo Kenga anawazuia wapinzani, na anamzuia Ronald vilevile.

Nikasema hiyo ya pili hatutaitoza.

Hakucheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Kama shida ni kufunga, basi afunge! Jana kutwa nimemfundisha Kenga kurusha. Mimi sijawahi kucheza, lakini wangapi hufundisha wasichokijua? Leo jioni palikuwa na mechi ya kirafiki. Nikamwagiza kila akiupata mpira arushe, bei ipande. Akasema, kaka, kazi yangu ni kukaba. Nikamwambia kazi yako ni kunisikiliza.

Mrusho wa kwanza ulipita juu ya ubao ukatua kwenye karai la mama wa viazi. Wa pili ulimpata refa. Wa tatu sijui ulikwenda wapi, na hakuna aliyeuleta. Kila Kenga akisimama kuutazama mpira wake unavyokwenda, mtu wake alikuwa keshafika chini ya kikapu chetu. Alifunga mpaka akaanza kutuonea haya.

Dama ndiye anayebandika namba kwenye ubao wa pointi. Yeye mwenyewe ni gadi wa timu ya wasichana, mkabaji vilevile, na ulimi wake pia hukaba. Akaniambia mbele ya watu, "Wakili, umemfundisha samaki kupanda mnazi." Watu wakacheka. Nikamwambia aangalie ubao wake. Akasema hautazamiki.

Mama wa viazi ananitafuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Lo, siku!

Kenga leo alikwenda mazoezini bila kunipitia. Ronald akaanza kumcheka kwa mirusho ya jana, akaiigiza, akaanguka makusudi. Joab akawakutanisha mmoja kwa mmoja. Ronald hakuingiza hata kimoja! Akienda kulia, Kenga yuko. Akienda kushoto, Kenga alishafika, anamsubiri. Ronald akalalamika faulo, akalalamika jua, akalalamikia upepo. Nywele zote zililala.

Nilifika mwisho mwisho, nikajipa sifa zote. Joab akaniita ofisini. Akasema amefikiri upya: elfu kumi na nane, viatu, na ile kazi ya ghalani iko pale pale. Akasema kazi ya mkabaji haionekani kwenye ubao, kwa hivyo wengi humpunja. Lakini kumlipa kama mfungaji hawezi, maana mwenzake hubeba mzigo wa kufunga kwa niaba yake. Haki iko hapo katikati.

Bei nzuri. Hata mimi niliiona nzuri. Ndiyo maana nikaikataa! Kama amepanda mara moja, atapanda mara mbili. Nikacheka. Nikashika kichwa kama niliyefiwa. Nikasema, basi Kocha, tumeshindwana, kwaheri.

Nikaondoka. Polepole. Mlangoni nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara. Nikasimama nikasoma tangazo la zimamoto, nikalisoma tena. Langoni nikamwuliza askari watoto hawajambo? Hana watoto. Nikageuka kidogo tu, kwa pembe ya jicho. Joab alikuwa kwenye simu.

Nimemwambia Kenga atulie, chungu ki jikoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikuitwa. Nilidhani simu yangu mbovu. Nikajipigia kwa simu ya Bi Swafia, ikalia vizuri sana.

Ikabidi nimweleze. Akacheka mpaka leso ikamdondoka. Akaniuliza, hebu mwanangu, pale nani alikuwa akiuza? Nikasema mimi, nikimuuza Kenga. Akasema, basi aondokaye ni mnunuzi! Muuzaji akiondoka, watu hujua duka limefungwa.

Nikatoka mbio hadi Mwembe Tayari kumtafuta Kenga, twende Mbaraki haraka. Nikamkuta juu ya basi lililoingia kutoka bara. Chini amesimama kijana mmoja mwembamba, mikono mirefu kama ya kuazima, anauliza njia ya Mbaraki. Gadi. Mkabaji. Joab alimpigia simu jana alasiri, akamtajia elfu kumi na tano na kazi ya ghalani, naye akapanda basi bila kuuliza la pili.

Kenga ndiye aliyemshushia begi.

Jumapili, 14 Septemba

Kenga hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikuja na viazi karai na ukwaju, akaketi kizingitini kwetu, tukala. Halafu akasema, "Kaka, mimi nilitaka ile ghala tu. Kivuli. Hata elfu kumi ningekwenda." Akajinyoosha mgongo, ukalia kama mlango.

Joab amemruhusu aende mazoezini, amkabe yule mgeni, mgeni akomae. Malipo ni maji ya kunywa. Ronald ameomba asikutanishwe na Kenga tena.

Nimepitia kila nilichofanya juma hili. Hesabu ilikuwa sawa. Somo la kurusha lilikuwa sawa, upepo ndio uliovuruga. Kuondoka kwangu hata Bi Swafia amekiri kulipendeza. Lililoharibika hasa ni moja, naliandika hapa asilione mtu: sikumwuliza Kenga alikuwa anataka nini.

Halitarudiwa. Ndiyo maana leo alasiri nimewahi kwa kocha wa timu ya wasichana, nikamwambia Dama hatii sahihi msimu ujao kwa bei ile yao. Dama mwenyewe nitamwarifu kesho.